Anayelipa na Aliyeamua: Taarifa za Wateja na Njia za Matangazo Handeni na Korogwe

Mwenye duka la maana pale Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni, ameshaambiwa mambo manne yasiyopatana. Kijana mwenye simu nzuri anamwambia biashara imehamia Instagram na WhatsApp. Mtu wa redio anamwambia wakulima hawana bando. Mwenye gari la matangazo anamwambia siku ya gulio spika moja inatosha. Jirani yake, aliyeuza saruji miaka ishirini bila kutangaza chochote, anamwambia yote hayo ni kuchoma hela.

Juu ya mabishano hayo umeongezeka ushauri mpya: tumia taarifa za wateja wako, zitakuonyesha njia ipi ina thamani. Ushauri wenyewe ni mzuri. Tatizo ni kwamba wanaoutoa mara chache husema ni taarifa zipi, za mteja yupi, na thamani inapimwa kwa kitu gani. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, wapo wanaoogopa hata kuandika namba ya simu ya mteja kwenye daftari, na wapo wanaomrushia tangazo kila mtu ambaye namba yake iliwahi kupita mikononi mwao. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yana chanzo kimoja: hawajajiuliza taarifa hizo ni za nini.

Miji miwili, wateja wasiofanana

Korogwe ni mji wa njiani. Barabara kuu kutoka Chalinze hupita Mkata, Kabuku na Segera ndani ya Wilaya ya Handeni, ikaachana na ya Tanga pale Segera, kisha ikaingia Korogwe na kuendelea Mombo, Same na Moshi. Sehemu kubwa ya fedha inayoingia kwenye migahawa na vibanda vya matunda kando ya barabara hiyo ni ya mtu ambaye saa tatu baadaye yuko mkoa mwingine. Handeni mjini hali ni tofauti. Mji uko ndani, unafikiwa ama kwa kilomita 65 kutoka Korogwe ama kwa kilomita 54 kutoka Mkata, na mteja wake ni mkulima wa mahindi au mfugaji anayekuja mjini kwa sababu maalumu. Fedha yake ina msimu. Baada ya mavuno ya masika inaonekana, na kabla ya mavuno inageuka kuwa maandishi kwenye daftari la madeni.

Kumjua mteja kwa msimu wa fedha yake hakukuletwa na kompyuta. Enzi za mkonge, mashamba ya kuzunguka Korogwe kama Magunga na Ngombezi yaliajiri manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali na kuhesabiwa kwa namba. Mfanyakazi alilipwa pale kipande chake, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilipotimia siku 30. Mwenye duka la karibu alihitaji kujua jambo moja tu, kipande cha fulani kimefikia wapi, na hapo alijua lini amkopeshe na lini amdai. Ilikuwa taarifa ya mteja, na ilifanya kazi kwa sababu iligusa uamuzi mmoja mahususi. Mifumo mingi ya leo hukusanya mambo hamsini bila kugusa uamuzi wowote.

Kwa sasa kuna mawimbi mawili yanayovuruga kumbukumbu za wafanyabiashara wa eneo hili. La kwanza ni bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo njia yake inapita Handeni na Korogwe. Ujenzi wa namna hiyo huleta vibarua, madereva na mafundi wanaonunua kwa wingi kisha wanahama na kazi. La pili ni Msomera, kijiji cha Wilaya ya Handeni kilichoanza kupokea familia za wafugaji kutoka Ngorongoro mwezi Juni 2022. Hao walikuja kukaa. Duka la dawa za mifugo linalopanga matangazo kwa daftari la mwaka 2021 haliwaoni kabisa, na mgahawa unaopanga kwa daftari la miezi ya ujenzi utawaona watu ambao hawatakuwapo tena. Daftari halisemi lipi ni wimbi na lipi ni mkazi. Hilo ni lazima mtu alijue kwa kuishi hapo.

Thamani inapimwa kwa nini?

Wengi hupima njia ya kutangaza kwa idadi ya watu inaowaleta. Wachache waliokaa na kalamu hupima kwa gharama ya kumpata mteja mmoja. Vipimo vyote viwili vinaweza kupotosha, na hesabu ndogo ya mfano inatosha kuonyesha namna gani.

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi Korogwe linatumia njia tatu kwa mwezi. Redio inagharimu shilingi 400,000 na kuleta wateja 20, yaani shilingi 20,000 kwa kila mteja. Tangazo la kulipia Instagram linagharimu 100,000 na kuleta wateja 25, yaani 4,000 kwa mmoja. Njia ya tatu ni mafundi ujenzi, wanaopewa cha juu cha shilingi 10,000 kwa kila mteja wanayemleta, nao wanaleta 10. Kwa idadi Instagram imeshinda, na kwa gharama pia imeshinda. Sasa tazama faida ya mwaka mzima. Mteja wa Instagram alivutiwa na bei ya bidhaa moja, akanunua mara moja, akaacha faida ya 6,000. Mteja wa redio aliacha 30,000. Mteja aliyeletwa na fundi anajenga kidogo kidogo kama tunavyojenga wengi, msingi kwanza, kuta zikipatikana hela, bati baadaye, na kila hatua anarudi dukani kule kule, ameacha 90,000. Ukitoa gharama, Instagram imebakiza shilingi 50,000, redio 200,000, mafundi 800,000. Njia iliyoonekana ya mwisho kwa idadi ndiyo ya kwanza kwa faida.

Tarakimu hizo ni za mfano, na kwenye duka jingine mpangilio unaweza kuwa mwingine kabisa. Lakini bila kujua mteja amerudi mara ngapi na ameacha faida kiasi gani, swali la njia ipi ina thamani halijibiki. Na hapo panahitajika kumtambua mteja yule yule anaporudi, ambapo ndipo misimamo inapogawanyika.

Msimamo wa kwanza: muulize

Kundi la kwanza linasema mambo yasifanywe magumu. Mteja akifika, muulize nani kamtuma au alisikia wapi, uandike. Gharama yake ni daftari na kalamu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba swali hilo linafika mahali ambapo mashine haifiki: kwenye maneno ya shambani, msibani, baada ya swala, kwenye kiti cha bodaboda.

Udhaifu wake ni adabu. Mteja akiulizwa alisikia wapi hujibu kwa jibu jepesi, “nimesikia tu,” au hulitaja bango lililo mbele ya macho yake wakati huo huo. Aliyesikia redioni miezi mitatu iliyopita, akaona picha kwenye simu ya shemeji yake, kisha akasukumwa na jirani, atamtaja jirani. Halafu kuna mhudumu. Siku ya gulio foleni ikiwa ndefu hatauliza mtu, na jioni atajaza daftari kwa kubuni, kwa hiyo siku yenye wateja wengi kuliko zote ndiyo yenye taarifa mbovu kuliko zote.

Msimamo wa pili: fuata nyayo

Kundi la pili haliamini mdomo, linaamini alama. Weka namba moja ya simu kwenye tangazo la redio na nyingine kwenye bango. Pokea malipo kwa Lipa Namba ili kila muamala ubaki na jina, saa na kiasi. Tumia WhatsApp ya biashara, gawa kuponi za rangi tofauti kwa kila gulio. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na hasa baada ya laini zote kutakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole kufikia Januari 2020, mwenye duka la Handeni anaweza kuwa na kumbukumbu za wateja ambazo zamani benki pekee zilikuwa nazo.

Nguvu ya njia hii ni kwamba alama haina aibu wala haisahau. Inaonyesha kurudi kwa mteja, jambo ambalo kuuliza peke yake hakuwezi. Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, inawahesabu wanaoacha alama tu. Anayelipa taslimu, anayenunua kwa mkopo, bibi asiye na simu, wote hawamo, na kwa hiyo njia za simu zitaonekana zina nguvu kwa sababu tu zinapimwa kwa simu. Redio na mdomo zitaonekana dhaifu kwa sababu tu haziachi risiti. Enzi za Redio Tanzania, angalau kadi za salamu zilikuwa zikifika studio na majina ya vijiji. Mtangazaji aliyezisoma kwa makini angeweza kujua anasikilizwa wapi. Wanaosikiliza leo kimya kimya shambani hawaonekani popote.

Pili, huku kwetu simu na mtu si kitu kimoja. Mtu ana laini tatu za mitandao mitatu, na daftari la kidijiti linamwona kama watu watatu. Laini moja hutumiwa na mume, mke na mtoto, nao wanaonekana mmoja. Kisha kuna watoto walio Dar es Salaam. Bati linashushwa Sindeni, Handeni, mama ndiye mwenye nyumba, lakini muamala umetoka kwenye simu ya binti aliye Mbagala. Mfumo utasema mteja ni wa Dar es Salaam, kijana, mtumiaji wa simu, na utapendekeza fedha za matangazo zipelekwe Instagram. Huenda kweli binti aliona picha Instagram. Huenda pia mama alishaongea na fundi, fundi akataja duka, binti akatumiwa namba ya kulipia na hajui hata duka lilipo.

Msimamo wa tatu: zima uone

Kundi la tatu, dogo kuliko yote, linasema kuuliza na kufuata nyayo vyote vinatafuta jibu mahali pasipo. Swali la kweli ni hili: njia hii isingekuwapo, mteja huyu asingekuja? Jibu lake linapatikana kwa kuizima njia na kutazama mauzo.

Mfano uliotikisa dhana za wengi ulitoka Marekani mwaka 2012. Kampuni ya eBay ilikuwa ikilipia matangazo yatokee kila mtu anapoandika jina la kampuni hiyo kwenye mitambo ya kutafutia mtandaoni. Takwimu zake zilionyesha wanunuzi wengi wakipita hapo. Ilipoyazima kwenye baadhi ya mitambo, wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waliona kwamba asilimia 99.5 ya waliokuwa wakibofya tangazo waliingia vile vile kupitia matokeo yasiyolipiwa. Walikuwa wanakuja tayari. Kampuni ilikuwa ikimlipa mtu asimame mlangoni na kuwakaribisha watu waliokwisha kushika kitasa. Katika majaribio yaliyofuata, matangazo ya utafutaji yalionekana kuwavuta zaidi wale ambao hawakuwa wateja wa mara kwa mara.

Gari la matangazo linalozunguka asubuhi ya gulio liko karibu sana na hali hiyo. Linapiga kelele mbele ya watu ambao wameshatoka nyumbani na kikapu. Mauzo ya siku hiyo ni makubwa, gari linapewa sifa, na hakuna anayejua yangekuwaje bila gari. Bahati ni kwamba magulio yana zamu na yanajirudia kila wiki, jambo linalorahisisha jaribio: wiki hii tangaza gulio moja na uache jingine, wiki ijayo geuza, endelea hivyo miezi miwili, kisha linganisha.

Kasoro za msimamo huu hazifichiki. Kuzima njia kunauma, kwani huenda ndiyo iliyokuwa inakulisha. Duka linalouza mabati kwa wateja wanane kwa wiki halina idadi ya kutosha kutofautisha athari ya tangazo na bahati. Na msimu huingilia kila kitu: ukizima redio mwezi Aprili mvua za masika zikiwa zimekata njia za vijijini, utailaumu redio kwa kosa la tope.

Msimamo wa nne: biashara ni kujuana

Jirani wa saruji hastahili kupuuzwa. Anawajua wateja wake kwa majina, baba zao na madeni yao, na daftari lake la mkopo lina jina, kijiji, tarehe, bidhaa na kiasi, taarifa kamili kuliko za maduka mengi yenye kompyuta. Kwa mwenye duka lenye wateja mia mbili wa kudumu, kumwuzia mfumo wa kompyuta ni kumwibia.

Ila daftari lake lina upande. Limewaandika wadaiwa. Mteja mzuri kuliko wote, anayelipa taslimu na kuondoka, hana mstari hata mmoja humo, na akihamia kwa mshindani hakuna atakayegundua. Kumbukumbu ya kichwani nayo hupendelea wateja wenye kelele, hushindwa duka likifungua tawi Mkata, na huondoka na mhudumu akihama.

Aliyeamua ni nani?

Misimamo mitatu ya mwanzo inagombana juu ya namna ya kupima, na yote inachukulia kwamba anayetoa fedha ndiye aliyechagua. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa mkanganyiko wote.

Chukua mgahawa wa kando ya barabara kuu. Basi linasimama dakika chache, abiria wanachimba dawa, wananunua chipsi na machungwa, wanapanda. Ukiwauliza abiria alfajiri mpaka usiku walisikia wapi habari za mgahawa huo, utapata daftari limejaa na halina maana, kwa sababu hakuna abiria aliyechagua. Aliyechagua ni dereva, au kampuni ya basi. Wenye migahawa wanajua hilo bila takwimu yoyote, ndiyo maana sahani ya dereva na kondakta haina bei. Sahani hiyo ni gharama ya matangazo na ingepaswa kuandikwa hivyo, ikilinganishwa na idadi ya mabasi yanayosimama. Bango kubwa la barabarani lina kazi kwa gari dogo la mtu binafsi. Kwa abiria wa basi ni pambo.

Kwenye ujenzi anayeamua mara nyingi ni fundi. Kwenye pembejeo ni mkulima mmoja ambaye shamba lake linatazamwa na wenzake. Mbegu ikistawi kwake, kijiji kizima kinanunua msimu unaofuata na kila mmoja anaacha muamala wake kana kwamba aliamua peke yake. Kwenye dawa za mifugo ni mzee wa boma au mtaalamu wa mifugo. Kwenye sare za shule ni mwalimu aliyetaja duka katika kikao cha wazazi. Taarifa za malipo haziwezi kuwaonyesha watu hawa. Zinaweza kutoa dalili tu: malipo kumi kutoka kitongoji kimoja ndani ya wiki moja, mabati ya aina ile ile kwa majina tofauti, basi la kampuni fulani na ongezeko la mauzo saa sita na nusu. Dalili hiyo ndiyo inayostahili kufuatiwa na swali la mdomo, na swali lenyewe linabadilika. Badala ya “ulisikia wapi,” linakuwa “nani kakushauri.” Mtanzania akiulizwa nani kamshauri atataja jina.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Haikatazi kuweka kumbukumbu za wateja. Inataka anayekusanya na kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume, akusanye kwa lengo halali linalojulikana, asizitumie kwa lengo jingine, azitunze, na inampa mhusika haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara.

Kwa mtu wa Handeni jambo hilo si la mbali. Wakala wa mbolea ya ruzuku, mpango uliozinduliwa Agosti 2022, anahudumia wakulima walioandikishwa kwenye mfumo wa serikali kwa majina na namba zao. Namba hizo zilitolewa kwa ajili ya mbolea. Kuzichukua na kuzirushia tangazo la viatu ni kuvuka lengo, hata kama zipo kwenye simu ya wakala mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa wakala wa fedha mwenye daftari la miamala.

Kuna gharama ya kuwa mwangalifu: orodha inakuwa fupi. Lakini kwa swali letu urefu wa orodha hausaidii sana. Ili kujua njia ipi inaleta faida huhitaji kumtumia mteja ujumbe hata mmoja. Unahitaji tarehe, mahali anapotoka, aliyemshauri, alichonunua, na alama ya kumtambua akirudi, ambayo inaweza kuwa namba ya kadi ya duka badala ya simu yake.

Mizani

Nikipima yote, kufuata nyayo peke yake ndiyo njia ya hatari kuliko zote kwa eneo hili, kwa sababu ina sura ya uhakika huku ikiwaacha nje wanunuzi wa taslimu na waamuzi wasiolipa. Itapeleka fedha kwenye simu hata pale mauzo yanapotengenezwa chini ya mwembe. Kujuana peke yake kunatosha duka dogo na kunakwama duka likikua. Kuzima njia ndiko kunakotoa jibu la kweli, lakini ni dawa kali. Haifai kila wiki wala kila duka.

Kwa hiyo thamani ya kila mbinu inategemea ukubwa wa kosa inalozuia. Matangazo ya shilingi elfu hamsini kwa mwezi hayastahili jaribio; swali la nani kakushauri linatosha. Redio au gari la matangazo linalokula laki kadhaa kila mwezi linastahili kuzimwa kwa zamu, gulio kwa gulio, nje ya miezi ya mvua kubwa na nje ya wiki za mavuno. Miamala ya simu ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko kitu kingine, kuonyesha nani amerudi, na hapo iaminiwe. Isiaminiwe inaposema mteja ni nani au ametoka wapi, kwa sababu ya binti wa Mbagala.

Korogwe na Handeni zitapata majibu tofauti hata zikitumia mbinu ile ile. Korogwe, ambako mteja wa barabarani harudi dukani kwako ila basi lake hurudi kesho, kitu cha kuhesabu ni mabasi, na mteja wa kumtunza ni dereva. Handeni, ambako mtu anarudi kila msimu, kitu cha kuhesabu ni misimu: mkulima aliyenunua mbegu mwaka jana amerudi au hakurudi, na kama hakurudi, ni nani kijijini kwake aliyebadili duka kwanza.

Na kwenye daftari la mwaka huu, la Korogwe na la Handeni, vibarua wa bomba waandikwe ukurasa wao peke yao.